Unasoma Historia ukubwani? Anzia Ujiji

Wengi tunaorudi darasani ukubwani, iwe chuo cha maendeleo ya wananchi kule Kasulu na Kibondo au masomo ya jioni hapa Kigoma mjini, tunachagua Historia kwa sababu moja tu: haina hesabu. Ni kweli haina. Ila ukiiendea kwa kukariri, itakuangusha vilevile.

Ugonjwa wetu ni daftari la "pointi sita". Sababu za biashara ya masafa marefu, sita. Athari zake, sita nyingine. Msahihishaji anakutana na sentensi zilezile karatasi baada ya karatasi. Mimi somo lilianza kuniingia nilipoacha kuhesabu pointi nikawa nauliza: nani alifaidika hapa, nani alizuia, na kwa nini wakati ule?

Chukua siku mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone, Ujiji, 1871. Hapa Kigoma nani asiyeujua ule mnara? Sasa uliza Stanley alifikaje. Misafara kutoka Bagamoyo ilizoea kupita Tabora kisha kukata magharibi mpaka ziwani. Mwaka ule Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, alikuwa ameifunga njia, ana vita na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora. Stanley akajiunga na Waarabu kumpiga Mirambo, wakashindwa, ikabidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji. Safari hiyo moja imebeba pembe za ndovu, ushuru wa njia, kukua kwa dola za ndani na ujio wa wageni kutoka Ulaya. Ukiielewa vizuri, maswali kadhaa ya mtihani yanajibika, na mifano yako haitafanana na ya jirani yako. (Mirambo, kwa maoni yangu, anastahili nafasi kubwa kuliko Stanley katika daftari lako.)

Tarehe zisikutie homa. Stanley aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaweka tukio hilohilo mwezi Oktoba. Watu wawili waliopeana mikono, na siku hawakubaliani! Mwaka ushike, mfuatano wa matukio ushike zaidi. Wazee wa Ujiji nao wasikilize, wana mengi, halafu linganisha na kitabu.

Ukifika kwenye ukoloni, iangalie meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa kwa vipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, reli ikiwa imefika 1914. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia. Ikaibuliwa, na 1927 ikarudi kazini chini ya Waingereza. Ukiulizwa kwa nini wakoloni walijenga reli, au Vita vya Kwanza vya Dunia vilitugusaje, mfano unao hapo bandarini.

Kinachotumaliza wengi ni Kiingereza, maana majibu ya Historia kidato cha nne yanaandikwa kwa lugha hiyo. Dawa niliyoiona inafanya kazi: msimulie kwanza kwa Kiswahili mtu asiyesoma somo hilo, mkeo, shemeji, hata abiria mwenzako kwenye daladala ya Ujiji. Akikuuliza "kwa nini?" ukakwama, hiyo pointi bado hujaielewa. Ikishakaa sawa ndipo uiandike kwa Kiingereza, sentensi fupi: nani, alifanya nini, kwa sababu gani. Maneno makubwa waachie wengine. Na uandike insha nzima kwa mkono, saa ikiwa mezani. Kusoma majibu ya mwenzako hakukufundishi kuandika.

Ratiba kila mtu na kazi yake. Sisi wa dagaa pale Kibirizi, insha tuzipange siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika na biashara imepoa. Siku za giza, dagaa wakivuliwa kwa taa, usijidanganye, hata daftari hutalifungua.