Barafu inajuaje mwaka wake?

SWALI: Mhariri, barafu ya Greenland na ya Antaktika zinalinganishwaje umri wakati ziko ncha tofauti za dunia?

JIBU: Ndugu yangu, ni volkano hizo! Mlima mkubwa karibu na ikweta ukilipuka salfa inapanda juu sana, inageuka asidi, inasambaa kaskazini na kusini, halafu inashuka na theluji. Wataalamu wanaburuza nyaya mbili zenye umeme juu ya kipande kirefu cha barafu kilichochimbwa kwenda chini, na penye asidi umeme unaruka ghafla, ndo wanaona alama ya mlipuko wa Tambora, volkano ya Indonesia, wa 1815, na chini yake kidogo ile ya 1809 ambayo mpaka leo mlima wake haujajulikana, yaani kama pacha, wakizikuta pande zote mbili hawapotei. Katikati ya Antaktika theluji ni kiduchu mno, tabaka za kila mwaka hazihesabiki, kwa hiyo wanaazima hesabu ya tabaka za Greenland.