Kampuni tatu, meli moja

Mara ya kwanza kuagiza kontena zima nilijiona mjanja kweli. Niliomba bei kwa kampuni tatu za meli, nikazishindanisha kwa siku nne, nikachukua iliyokuwa chini. Wiki mbili baadaye nafuatilia mzigo kwenye simu, mara nagundua kuwa kontena la mwenzangu, aliyepitia kampuni niliyoikataa kwa ughali, liko kwenye meli ileile. Jina la meli moja, siku ya kung'oa nanga moja, tofauti ni namba ya safari tu. Kampuni ya tatu nayo ilikuwa na nafasi zake humohumo.

Hakuna aliyenidanganya. Biashara yenyewe ndivyo ilivyo. Kampuni kubwa huingia mikataba ya kugawana nafasi melini: wewe unaleta meli nne, mimi naleta nne, kila mmoja wetu anauza nafasi kwenye zote nane. Maersk na MSC walikuwa pamoja katika muungano wa 2M mpaka Januari 2025. Mwezi uliofuata Maersk akaanza mwingine na Hapag-Lloyd, unaoitwa Gemini. CMA CGM, COSCO, Evergreen na OOCL wamo kwenye Ocean Alliance. Kwa hiyo orodha ya kampuni inaweza kuwa ndefu huku njia halisi za kufikisha mzigo wako zikiwa mbili au tatu.

Tangu siku ile, kabla sijalinganisha bei nauliza kwanza jina la meli, namba ya safari, na bandari ambako kontena litashushwa na kupakiwa upya njiani. Bei mbili za meli moja ni suala la nani anapunguza faida yake. Bei mbili za meli mbili tofauti ni suala jingine kabisa: siku, uhakika, idadi ya mara mzigo utakavyobebwa na winchi. Ukitaka ushindani wa kweli, omba bei kwa kampuni zilizo kwenye miungano tofauti. Kuomba kwa tano zilizo ndani ya muungano mmoja ni kumuuliza mtu mmoja swali moja mara tano.

Serikali zinayajua haya, na kwa zaidi ya miaka mia moja zenyewe ndizo zilizoyaruhusu. Mwaka 1875 wenye meli za njia ya Uingereza na Calcutta walikubaliana nauli ya pamoja, na mtindo huo ukaenea karibu kila njia. Hoja yao ilikuwa kwamba meli lazima iondoke kwa ratiba, ijae isijae, kwa hiyo bila makubaliano wangeshushiana bei mpaka wafilisike wote. Umoja wa Ulaya uliachana na hoja hiyo Oktoba 2008, ukakataza upangaji wa nauli wa pamoja. Msamaha uliobaki kwenye sheria ya ushindani, ule wa kugawana nafasi, nao ukaachwa uishe tarehe 25 Aprili 2024. Miungano haikufutwa. Inapimwa tu kwa sheria ya ushindani kama biashara nyingine.

Marekani ilikwenda kwa njia yake. Mikataba ya kampuni za meli inasajiliwa kwa tume ya shirikisho ya usafiri wa baharini, na sheria ya 1998 iliruhusu kila mwenye mzigo kuandikiana na kampuni ya meli mkataba wa bei ya siri. Sheria hiyo ndiyo iliyovunja nguvu ya zile nauli za pamoja, na ndiyo inayoeleza kwa nini sisi wadogo hatujui jirani analipa nini. Mwenye makontena elfu moja kwa mwaka ana mkataba wake. Mwenye matatu analipa bei ya wiki hiyo. Mimi nilikaa muda mrefu nikiamini kuna bei rasmi ninayofichwa. Kumbe bei rasmi haipo. Kilichonisaidia ni kuungana na waagizaji wengine wanne, tukapeleka mizigo yetu kwa wakala mmoja kwa mwaka mzima. Ghafla na sisi tukawa watu wa kupigiwa simu.

Ila msishangilie kila nauli ikianguka. Agosti 2016 kampuni ya Hanjin ya Korea Kusini, iliyokuwa miongoni mwa kubwa duniani, ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya wadai baada ya miaka ya nauli duni. Meli zake zikabaki zinaelea nje ya bandari, kwa kuwa zikiingia zingekamatwa, na watoa huduma bandarini walitaka walipwe kwanza. Ndani yake mlikuwa na mali za watu waliokwisha kulipa kila kitu.

Mistari ya herufi tatu

Sasa bili yenyewe. Nauli ya msingi huwa mstari mmoja, kisha unafuata msururu wa vifupisho: BAF ni mafuta, THC ni kuhudumia kontena bandarini, PSS ni tozo ya msimu wa mizigo mingi, GRI ni ongezeko la jumla la nauli. Zamani nilikuwa naziona zote kama kodi. Siku hizi nazigawa. Kuna tozo zinazotokana na kanuni, na kuna zinazotokana na jinsi soko lilivyoamka asubuhi ile.

Za kanuni zina hesabu unayoweza kuidai. Tangu tarehe 1 Januari 2020 meli zinatakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, kutoka 3.5 ya awali, isipokuwa zilizofungwa mitambo ya kusafisha moshi. Mafuta hayo ni ghali zaidi na gharama ikashuka kwetu. Kuanzia 2024 meli zinazofika bandari za Umoja wa Ulaya zinalazimika kununua vibali vya hewa ukaa: asilimia 40 ya hewa ya mwaka 2024, 70 ya mwaka 2025, na yote kuanzia 2026, huku safari inayoanzia au kuishia nje ya Ulaya ikihesabiwa nusu. Ukikuta mstari wa hewa ukaa kwenye mzigo ambao haukugusa Ulaya kabisa, hata kwa kubadilisha meli, uliza. Niliwahi kuuliza, mstari ukafutwa bila neno la ziada, na ukimya ule ulinitosha kuwa jibu.

Za soko, yaani PSS na GRI, hutangazwa kwa kishindo na mara nyingi hazidumu. Meli zikiwa na nafasi, ongezeko lililotangazwa tarehe mosi linaweza kuwa limeyeyuka tarehe kumi na tano. Hapo ndipo pa kubishania bei. Usipoteze nguvu kwenye THC.

Mwisho wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni nyingi ziliacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya Asia na Ulaya ikaongezeka siku kumi na zaidi. Hata njia zisizopita huko kabisa zilipanda bei, na wengi tulilalamika kwamba tunaibiwa. Sehemu ya lawama ilikuwa ya haki. Sehemu nyingine ni hesabu tu: safari ikirefuka, meli zilezile zinafanya mizunguko michache kwa mwaka, nafasi zinapungua duniani kote.

Jambo ambalo karibu hakuna aliyewahi kuniambia ni hili: nauli ikipanda, ushuru wa forodha nao hupanda, ingawa serikali haijagusa sheria. Nchi nyingi hutoza ushuru juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli. Marekani, Kanada na Australia huiacha nauli ya baharini nje. Chukua mzigo wa thamani ya 100, nauli 10, ushuru asilimia 25: unalipa 27.5. Nauli ikifika 40, unalipa 35 kwa mzigo uleule, kisha kodi nyingine zinapigwa juu ya jumla hiyo. Mwaka 2021, nauli za kutoka China zilipopaa, watu wengi walipanga bajeti ya nauli mpya wakasahau ushuru. Nami nilikuwemo. Ukipiga hesabu ya bei ya kuuzia, ianzie kwenye nauli ya leo mpaka mstari wa mwisho wa kodi.

Nitalisema na hili kwa kuwa linaniudhi: katika nchi nyingi zenye meli, kampuni hizi hutozwa kodi kwa ukubwa wa meli badala ya faida, na ile kodi ya chini ya asilimia 15 iliyokubaliwa kimataifa iliacha nje mapato ya usafiri wa baharini. Faida nono za 2021 na 2022 zilipita kwenye kodi hiyo ya ukubwa wa meli.

Nauli ya karibu bure

Kama mzigo wako haujazi kontena, unauchanganya na wa wengine na kulipa kwa mita ya ujazo, au kwa tani ikiwa mzigo ni mzito. Huku ndiko nilikoumia zaidi. Muuzaji aliniambia nauli ni ndogo mno, karibu zawadi, na yeye ndiye atakayeilipa. Nikakubali nikishukuru. Mzigo ulipofika, wakala wa upande wa kupokea akaleta bili yake: kufungua kontena, kutenganisha mizigo, nyaraka, ushughulikiaji, na tozo mbili ambazo hata yeye alishindwa kunieleza. Jumla ilizidi nauli ya kawaida ya njia ile.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mkusanyaji wa mizigo humpa muuzaji nauli ya chini, pengine hata humlipa ili ampe mzigo, kisha faida yake anaivuna kwa mpokeaji, ambaye hana pa kwenda kwa sababu bidhaa zake ziko mikononi mwao. Hapo ushindani upo, lakini unamshindania muuzaji. Ndiyo maana siku hizi nanunua kwa FOB: muuzaji anaufikisha mzigo melini, na nauli naitafuta mwenyewe kwa wakala anayejua kwamba mimi ndiye mteja wake. Pale muuzaji anaposhikilia kulipa nauli, nadai kwa maandishi orodha kamili ya tozo za upande wangu kabla sijatuma malipo ya awali. Asipoitoa, nahesabu bei yake kuwa haijakamilika.

Bima naikata mwenyewe pia, baada ya kuangalia kama sheria ya nchi ninakopeleka inalazimisha bima ya huko. Zipo zinazolazimisha, na ukinunua kwingine unalipa mara mbili. Ever Given ilipokwama Suez kwa siku sita Machi 2021, wenye mizigo ndani yake walitakiwa kuchangia gharama za kuinasua, hata wale ambao bidhaa zao hazikupata mkwaruzo. Mwenye bima aliiachia kampuni yake ya bima mchango huo.

Na siku za bure. Kila kontena lina siku chache za kukaa bandarini na za kurudishwa tupu bila malipo. Zikiisha, tozo hupanda kila siku, na baada ya wiki inaweza kula faida yote. Ziombe wakati unajadili nauli, kabla hujathibitisha nafasi. Mzigo ukishafika huna tena cha kubadilishana. Marekani iliona tozo hizi zimegeuka biashara, ikapitisha sheria mwaka 2022, na tangu Mei 2024 ankara isiyotolewa ndani ya siku 30 mdaiwa hawajibiki kuilipa. Hata kama nchi yako haina sheria ya namna hiyo, bado unaweza kudai tarehe: lini kontena lilishushwa, lini lilikuwa tayari kuchukuliwa, siku gani bandari haikufanya kazi.

Mimi nilicheleweshwa na cheti cha ukaguzi ambacho nilipaswa kukiomba kabla meli haijaondoka. Nikaletewa ankara ya siku tisa. Nilidai tarehe, tukazipitia moja moja na karani wa kampuni, ikaonekana siku mbili lango lilikuwa limefungwa. Wakazitoa hizo mbili. Saba nikalipa, maana zilikuwa zangu.