Rotterdam: lala huko huko, usiende kushinda na kurudi

Mkuu, umeuliza kama inatosha kulala Amsterdam na kwenda Rotterdam siku moja, na utazungukaje bila gari. Nimeishi Uholanzi miaka kadhaa na ushauri wangu ni huu: lala Rotterdam, siku mbili kwa uchache. Nyumba za mchemraba za msanifu majengo Piet Blom na soko la Markthal viko pamoja pale stesheni ya Blaak, utavimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kinachotaka muda ni mto.

Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol panda treni ya Intercity Direct, nusu saa haiishi uko Rotterdam Centraal. Treni hiyo ina nyongeza ya nauli, ulizia kabla ya kupanda.

Sasa suala la kadi, maana hapa wageni wengi hukatwa hela bure. Kadi ya benki ya kugusisha inatosha kwa treni, metro, tramu na basi. Gusisha ukiingia, gusisha ukitoka. Ukiingia na kadi usitoke na simu, hata kama simu imeunganishwa na kadi hiyo hiyo: mashine inaziona ni mbili tofauti na utalipishwa safari mbili zisizokamilika. Mkiwa wawili, kila mtu na kadi yake. Na ukitoka kwenye metro kwenda kwenye treni, funga safari ya kwanza ndipo ufungue ya pili, kwa kuwa kampuni ni mbili. Noti nazo usizitegemee, maduka mengine hayapokei.

Utashangaa jiji la Ulaya halina mitaa ya kale katikati. Tarehe 14 Mei 1940 ndege za Ujerumani zililipiga mabomu na moto ukateketeza karibu kitovu chote. Karibu na jumba la makumbusho ya bahari kuna sanamu ya mchongaji Zadkine ya mwaka 1953, mtu ameinua mikono, kifua kimetobolewa. Anza hapo, kisha kila jengo jipya utalielewa. Ukitaka kuona sura ya zamani, nenda Delfshaven, eneo lililosalimika.

Kisha vuka daraja la Erasmus kwa miguu, mita 802, ufike Wilhelminapier. Hotel New York ilikuwa makao makuu ya kampuni ya meli ya Holland-Amerika Lijn, na kwenye gati hizi Wazungu maelfu kwa maelfu walipanda meli kukimbilia Marekani kutafuta maisha. Ng'ambo ya pili, Katendrecht, ghala la kampuni hiyo la mwaka 1923 limegeuzwa makumbusho ya uhamiaji, Fenix, yaliyofunguliwa 2025. Ndani kuna njia zilizopangwa kwa masanduku ya safari yapatayo 2,000. Sisi tuliotoka kwetu hatupiti pale haraka. Usipange kitu kingine mchana huo.

Bandari yenyewe usiitafute katikati ya mji. Imetambaa zaidi ya kilomita 40 hadi baharini. Panda metro B mpaka mwisho, Hoek van Holland Strand, ukae ufukweni uangalie meli zikiingia Nieuwe Waterweg, njia ya maji ya kwenda bandarini. Ni nauli ya kawaida tu, na mimi naiona bora kuliko ziara nyingi za kulipia. Siku ya pili panda waterbus, boti ya abiria, pale kwenye daraja la Erasmus (kituo cha Erasmusbrug) kwenda Kinderdijk kwenye vinu 19 vya upepo. Kulingana na majira huenda ukabadili chombo njiani.

Chakula cha kwetu? Soko la Afrikaanderplein, Jumatano na Jumamosi, ndizi za kupika zipo. Barabarani, usisimame kwenye njia nyekundu za baiskeli, hawapunguzi mwendo. Beba koti la kuzuia upepo hata Julai.

Tarehe zako zikithibitika ziandike hapa nikuangalizie ratiba ya waterbus.