Wanyamapori kwa Meli Ndogo: Majibu ya Maswali Yenu

Maswali yamekuja mengi kuhusu safari za meli ndogo, zile zinazowapeleka watu kwenye fukwe zisizo na gati wala barabara ili waone wanyama walipo. Nimechukua yale yanayoulizwa na wengi.

Meli kubwa hupita bahari ileile, na nauli yake ni nafuu. Kwa nini nilipe zaidi kupanda meli ndogo isiyo hata na bwawa la kuogelea?

Kwa sababu unachonunua ni saa za kukanyaga ardhi. Antaktika kuna kanuni inayoamua karibu kila kitu: watu wanaoshushwa mahali pamoja kwa wakati mmoja hawazidi 100, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu yeyote. Abiria wake watawatazama pengwini kutoka sitahani.

Sasa piga hesabu. Meli ya abiria 90 ikifika kwenye ghuba, boti za mpira huteremshwa majini na wote wakashuka kwa saa tatu. Meli ya abiria 400 ikifika ghuba ileile, lazima iwagawe makundi manne, na kundi lako litapata chini ya saa moja. Saa moja inatosha kupiga picha. Haitoshi kumwona pengwini mzazi akitoka baharini na tumbo lililojaa, akipenya katikati ya maelfu wanaofanana naye, akiita na kuita mpaka kinda wake amjibu kwa sauti ambayo yeye peke yake anaitambua. Nilisimama kutazama jambo hilo muda mrefu hadi vidole vikafa ganzi, na nikipewa nafasi nitasimama tena.

Visiwa vya Galápagos, vya Ekuado katika bahari ya Pasifiki, vimebana zaidi: hakuna meli ya utalii inayobeba zaidi ya abiria 100 humo, na kundi la watu wasiozidi 16 lazima liongozwe na mtu aliyeidhinishwa na hifadhi. Svalbard nako, visiwa vya Norwe karibu na Ncha ya Kaskazini, tangu 1 Januari 2025, meli zinazoingia maeneo yaliyohifadhiwa zimewekewa kikomo cha abiria 200. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: abiria ni wangapi, boti ni ngapi, waongozaji ni wangapi? Kampuni ikikujibu kwa kukusifia chakula na vyumba, tafuta nyingine.

Mimi nikiona wimbi tu, kigegezi kinanishika. Niache ndoto hii?

Usiiache, ila chagua maji yako. Mlango bahari wa Drake, kati ya ncha ya Amerika ya Kusini na Antaktika, huchukua kama siku mbili kuuvuka, na ukali wake una sababu: katika latitudo ile hakuna nchi kavu inayokatiza upepo na mkondo kuizunguka dunia nzima. Nisikufiche pia kwamba meli ndogo huyumba kuliko kubwa. Omba chumba cha chini, katikati ya meli, mbali na omo na tezi. Muulize daktari wako kuhusu dawa, na uinywe kabla bahari haijachafuka, kwani ukianza kutapika umechelewa.

Wapo wanaoruka kwa ndege kutoka Punta Arenas, Chile, hadi kisiwa cha King George, Antaktika, na kupandia meli huko. Ni mwendo wa saa mbili hivi, ingawa ukungu huweza kuwakwamisha. Na kama hata hilo linakutia hofu, anza na njia za ndani za Alaska. Visiwa huzikinga na bahari kuu, na nyangumi wamo.

Tulilipia kutembelea ghuba sita, tukashuka nne. Huo si utapeli?

Inategemea mkataba, lakini mara nyingi si utapeli. Upepo ukigeuka, barafu inayoelea inaweza kujaa kwenye ghuba ndani ya saa chache, na boti iliyowafikisha ufukweni ikakosa njia ya kuwarudisha. Kiongozi mzuri wa msafara huwa na mpango wa pili na wa tatu kabla hamjaamka. Asiyejua kusema "leo hatushuki" ndiye wa kuogopwa. Bahari haishi zinge, na ratiba iliyochapishwa ni makusudio tu. Malalamiko yenye haki ni haya: mlipozuiwa, walifanya nini badala yake? Waliwatembeza kwa boti kando ya barafu, au waliwaacha mkae sebuleni mkitazama video?

Nitaruhusiwa kuwasogelea wanyama kiasi gani?

Antaktika, mita 5 kutoka kwa pengwini, na zaidi ya hapo kwa wanyama wengine kadiri mwongozaji atakavyosema. Galápagos, mita 2, na taa ya kamera imepigwa marufuku. Svalbard, dubu wa barafu hasogelewi chini ya mita 300, na kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500, kipindi ambacho majike wana watoto wachanga na uwindaji wa sili ndio uhai wao.

Kanuni hizi zinakufunga wewe. Mnyama yeye huja anapotaka. Simama kimya pembeni na huenda pengwini kijana akaja kukagua viatu vyako. Usimguse, usirudi nyuma kwa pupa. Jihadhari usisimame juu ya vijia vyao, vile vifereji walivyovichonga kwenye theluji kwa kupanda na kushuka. Ukizama kwenye theluji hadi gotini, geuka ufukie shimo lako, maana pengwini akitumbukia humo anaweza kushindwa kutoka. Mambo madogo kama hayo ndiyo huwa nayaangalia nikitaka kujua mwongozaji anawapenda wanyama au anawapenda wateja.

Mama yangu ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Nimpeleke?

Mpeleke, baada ya daktari wake kuridhika. Kazi ngumu ni kuingia na kutoka kwenye boti. Baharia humkamata abiria mkono karibu na kiwiko, na abiria naye humkamata vivyo hivyo, ili mmoja akiteleza mwingine amzuie. Mwombe mama ajizoeze mshiko huo nyumbani. Uliza pia ni mara ngapi mtashukia majini, kwa miguu kutumbukia hadi chini ya goti, na kama kuna mizunguko ya boti isiyohitaji kushuka. Hizo wazee hufaidi sana, maana nyangumi huonwa vizuri zaidi kutoka kwenye boti. Bima inayogharimia kuhamishwa kwa mgonjwa ni ya lazima. Hospitali inaweza kuwa mbali kwa siku kadhaa.

Na ajali? Nasikia meli ya namna hii ilizama.

Ilizama, mwezi Novemba 2007. Ilikuwa MS Explorer, na iligonga barafu karibu na visiwa vya South Shetland, Antaktika. Watu wote 154 waliokolewa, kwa kuwa bahari ilikuwa tulivu na meli nyingine zilikuwa karibu. Tangu 2017 kuna kanuni za kimataifa za meli zinazokwenda kwenye ncha za dunia, zinazogusa ujenzi, vifaa vya uokoaji na mafunzo ya mabaharia. Uliza meli yako ina daraja gani la kuhimili barafu.

Mwezi gani ni bora kwa Antaktika?

Novemba kwa theluji safi na pengwini wanaojenga viota, mwisho wa Desemba na Januari kwa makinda, Februari na Machi kwa nyangumi.

Kwenda kuwatazama si ndiko kunakowaharibia?

Swali hili linanikosesha usingizi. Meli huchoma mafuta, na safari ndefu ya ndege ya kuifikia huchoma mengine. Mafuta mazito ya meli yalipigwa marufuku Antaktika mwaka 2011, na hilo limepunguza hatari ya umwagikaji, lakini moshi upo. Kisha kuna ugonjwa. Mafua makali ya ndege, H5N1, yaligunduliwa Georgia Kusini, kisiwa cha kusini mwa bahari ya Atlantiki, mwezi Oktoba 2023, na ndiyo maana sasa hukai, hupigi magoti wala huweki begi chini ufukweni, na viatu husuguliwa kwa dawa kila mnaposhuka na kurudi. Ukimwona abiria anakwepa ndoo ya dawa, mwambie. Mimi nimeamua kwenda mara chache na kukaa siku nyingi, kuliko kukusanya safari fupi fupi.

Nina fedha za kitu kimoja: kamera nzuri au darubini?

Darubini, yenye ukuzaji wa mara 8. Ya mara 12 inavutia dukani, lakini sitaha ikitikisika hutaona kitu. Kama mko wawili, kila mmoja awe na yake: nyangumi akiinua mkia, mna sekunde chache tu.