Ukiifunga 5 inabaki 5? Jibu nililikuta kwenye mikutano ya APL

Mkuu, umeuliza kama kuna faida yoyote kufuatilia mikutano ya zamani ya APL, lugha ya programu inayoandikwa kwa alama maalum, au mtu ajifunze alama tu aanze kuandika programu. Mimi nilianza na alama tu, na ilinigharimu.

Nilikuwa na programu ndogo ya Dyalog APL (APL ya kampuni ya Dyalog), nikaihamishia J, lugha nyingine iliyotokana na APL. Mstari mmoja ulinisumbua siku tatu. Alama ⊂ ni ya kufunga kitu kiwe kimoja; kwenye Dyalog, ukiandika ⊂5 unapata 5 ileile, hakuna kilichobadilika. Kwenye J, <5 ni sanduku lenye 5 ndani yake, na ukilijumlisha na 1 unarudishiwa kosa. Nilidhani nimekosea kuandika. Kumbe nilikuwa nimeangukia ubishi mzito wa tangu miaka ya 1970: safu (namba zilizopangwa kama orodha au jedwali) ikiwekwa ndani ya safu nyingine, namba moja iliyo peke yake ikifungwa inakuwa nini?

Ubishi huo watu waliupeleka mikutanoni, ana kwa ana, na makala zao zikachapwa. APL2, toleo la APL la kampuni ya IBM, ikashika upande wa kwamba inabaki ileile, Dyalog nayo ikawa huko. Kenneth Iverson, aliyebuni lugha yenyewe, akabaki upande wa pili. J ilipotambulishwa kwenye mkutano wa Copenhagen mwaka 1990, ilikuja na sanduku la namna hiyo, na alama maalum zimeachwa, unaandika kwa herufi za kibodi ya kawaida. Nilipozisoma hoja za pande zote mbili, ule mstari niliurekebisha kwa dakika chache.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Binghamton, jimbo la New York, mwaka 1969, miaka mitatu tu baada ya APL\360, toleo la awali la APL la IBM, kuanza kufanya kazi. Ukajulikana kama Matembezi ya kwenda Armonk, na Armonk ndiko makao makuu ya IBM. Jina hilo nalipenda sana, maana linaonyesha watumiaji walivyojiona wana haki ya kusema na mwenye bidhaa. Baadaye ukazunguka: Pisa 1975, Helsinki 1984, Sydney 1988, hata St Petersburg 1992, Umoja wa Kisovyeti ukiwa umevunjika miezi michache tu nyuma.

Siku hizi Dyalog ndio wenye mkutano wao. Wa 2020 ulifanyika mtandaoni, nikaufuatilia. Usiache kutazama watu wakiandika mubashara. Wastani wa namba ni (+⌿÷≢): jumla, gawanya, idadi. Kwenye karatasi niliipita mara nyingi bila kuiona. Nilipomwona mtu akiiandika alama moja baada ya nyingine huku akiisoma kwa sauti, ndipo ikaniingia.

Kwa hiyo alama jifunze, ila anza pia na makala ya J ya 1990, kisha rudi nyuma kwenye zile za safu ndani ya safu. Ukikwama kwenye ⊂ weka mstari wako hapa, nitauangalia.