Jibu: Kwa nini gari langu zima linatajiwa bei ya gari bovu?

Dada, unasema wanunuzi wa Nyali, Mombasa, wanalitajia gari lako bei ya gari bovu. Hawakudharau. Umelitunza gari lako, lakini wao wanaona rangi tu. Hali ya injini unaijua wewe. Ndiyo maana kila mmoja anakutajia bei ya katikati, ya gari ambalo huenda ni zima, huenda ni bovu. Mwanauchumi George Akerlof alilieleza hili mwaka 1970, na mwaka 2001 akagawana na wenzake Tuzo ya Nobel: wenye magari mazima huikataa bei hiyo wakajitoa, sokoni yakabaki mabovu, bei ikazidi kushuka.

Usikimbilie kupunguza. Na hayo maneno "halina tatizo" yaache, kila dalali anayasema. Mnunuzi aje na fundi wake mwenyewe, si wako. Mwonyeshe risiti zote za sevisi, na kama bampa liliwahi kugongwa, mwambie kabla hajauliza. Ukitaja kasoro mwenyewe, mengine atayaamini. Rekodi za gari atazikagua NTSA, mamlaka ya Kenya ya usafiri na usalama barabarani.

Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, usiitoe, wala uhamisho wa umiliki usiuidhinishe, kabla benki yako haijathibitisha pesa zimeingia. Ujumbe wa simu hughushiwa. Mkataba muandikiwe na wakili.