Mwanangu Amehifadhi Wimbo Ninaoupenda: Je, Nimepata Dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, nina mtoto wa kiume wa miaka minne. Kuna wimbo ninaoupenda tangu ujana wangu, nikawa nausikiliza naye kwenye simu kila usiku kabla hajalala. Sasa ameuhifadhi wote. Unahusu mtu aliye safarini anayewakumbuka watu wake, lakini una vinanda, na ubeti mmoja unasema tunywe mpaka kupambazuke. Juzi ameuimba ubeti huo mbele ya mama yangu, na mama akaniambia nimemharibu mtoto. Je, nimepata dhambi? Na nikiuacha, nimwambie nini mtoto, maana kila usiku anauulizia?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, kumwimbia mtoto ni jambo moja, vinanda ni jambo jingine, na maneno ya ule ubeti ni jingine tena. Ukiyatia yote kwenye kapu moja, utajikuta ama umehalalisha yote au umeharamisha yote.

Kumwimbia mtoto kwa mdomo wako maneno mema hakuna ubaya wowote. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abu Bakr, Allah amridhie, alitoka baada ya kuswali Alasiri akamkuta Hasan, mtoto wa Ali na mjukuu wa Mtume, anacheza na watoto wenzake. Akambeba begani huku akimwambia kwa maneno yenye vina kwamba amefanana na Mtume, hakufanana na Ali. Na Ali mwenyewe yupo hapo, anacheka. Nakuomba uzingatie ni nani huyu aliyemfurahisha mtoto namna hiyo. Ni Abu Bakr yule yule aliyeingia kwa binti yake Aisha siku ya idi, akawakuta wasichana wawili wanaimba, akawakemea: vipi, zumari la shetani nyumbani kwa Mtume? Mtume, rehema na amani zimfikie, akamwambia awaache, kwani kila watu wana idi yao na hii ni idi yetu. Mtu mkali kiasi hicho katika jambo la nyimbo hakuona haya kumbeba mjukuu wa Mtume begani na kumtungia maneno ya kumchezesha.

Naye Mtume mwenyewe alikuwa akimtania mtoto mmoja, ndugu mdogo wa sahaba Anas, ambaye kindege chake kilikuwa kimekufa: "Ewe Abu Umayr, amefanyaje Nughayr (kile kindege)?" Kwa Kiarabu maneno hayo yana vina, na yamekaa vizuri masikioni mwa mtoto. Katika mwaka wa 5 wa Hijra, yeye na masahaba walipokuwa wanachimba handaki la kuulinda mji wa Madina, aliyasoma mashairi ya sahaba Abdullah bin Rawaha huku amebeba udongo, akiinua sauti kwenye miisho ya beti. Imam Shafii alisema kwamba shairi ni maneno: zuri lake ni zuri na baya lake ni baya. Huo ndio msingi wa jibu langu.

Vinanda vina maneno marefu. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamevikataza, isipokuwa dufu katika harusi na idi, na wengine wakatoa nafasi zaidi kidogo ya hapo. Hoja yao kubwa ni hadithi iliyomo katika Bukhari kuhusu watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Mwanazuoni Ibn Hazm aliidhoofisha, akisema mlolongo wa wapokezi wake umekatika; Ibn Hajar na wanazuoni wengine wakamjibu na kuonyesha njia ambazo mlolongo wake umeungana. Mimi niko pamoja na walio wengi, na ushauri wangu ni uache rekodi yenye vinanda. Lakini tangu zamani wapo wanazuoni waliolegeza, kwa hiyo usimwone Mwislamu mwenzako aliyewafuata kuwa ametupa dini.

Ninalolihofia zaidi ni ule ubeti, na hapo hakuna khitilafu. Kusifia ulevi ni haramu, uwe na kinanda au usiwe nacho. Mtoto hana dhambi, kwa kuwa kalamu imeinuliwa kwake mpaka abaleghe. Wewe ndiye utakayeulizwa, maana kila mmoja wetu ni mchunga. Mtoto wa miaka minne anahifadhi kabla hajaelewa. Hivyo ndivyo anavyohifadhi Alhamdu, na hivyo ndivyo alivyouhifadhi ubeti huu. Yeye hajui wanakunywa nini. Anachokijua ni kwamba wimbo ukifika pale, uso wa baba unachangamka. Siku akijua maana ya kile kinywaji, atakuta jina lake lilishaingia moyoni pamoja na mapenzi ya baba yake. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko sauti ya kinanda. Kwa hiyo omba istighfari, azimia kutomrudishia mtoto ubeti huo, na usikate tamaa. Mlango wa toba uko wazi.

Sasa utamwambia nini? Kwanza, usimdanganye. Wazazi wengi hapa husema simu imeharibika au wimbo umepotea. Abu Dawud, katika kitabu chake cha hadithi, amepokea kwamba mwanamke alimwita mwanawe mdogo aje ampe kitu. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini, akajibu: tende. Akamwambia kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Basi mwambie mwanao ukweli kwa kiasi cha akili yake: maneno mengine ya wimbo ule hayampendezi Mwenyezi Mungu, na baba ameyaacha. Atalia usiku mmoja au miwili. Mkumbatie, na usimkaripie kwa jambo ulilomzoesha mwenyewe.

Pili, usikiondoe kile kipindi chenu. Nahisi mtoto anauulizia wimbo kwa sababu ndio wakati anaokuwa na wewe peke yenu. Zima simu, kaa kitandani kwake, umwimbie mwenyewe. Habari ya msafiri anayewakumbuka watu wake ni nzuri. Ibakize, na mahali pa ule ubeti tunga wa kwako, wa msafiri anayemwombea dua mama yake. Si lazima uwe na sauti nzuri. Kisha mmalizie kama alivyokuwa akifanya Mtume kila usiku, kwa mapokezi ya Aisha: akikusanya viganja, anavipulizia, anasoma Qul huwallahu ahad na Qul audhu zote mbili, halafu anajipangusa mwilini kuanzia kichwani na usoni, mara tatu. Msomee na umpanguse. Watoto hulipenda sana jambo hili, na baada ya muda ataanza kukukumbusha yeye.

Kuhusu mama yako, katika ule ubeti amesema haki, hata kama neno kuharibu lilikuuma. Mtoto hajaharibika. Nenda kwa mama, mwambie umelisikia neno lake na umeuacha ubeti huo, na umuombe akusaidie: huenda anazo za kwake alizokuimbia ulipokuwa mdogo.

Wallahu aalam.